Mbona hakuna mwimbaji? Sanaa ya sauti na nyaraka za watu waliobadili jinsia

Mtu anaingia kwenye chumba cha maonesho Mji Mkongwe. Ukutani pana spika nane, katikati kiti kimoja, taa hafifu. Hakuna udi, hakuna fidla, hakuna wa kutunzwa. Inasikika pumzi ya mtu, karatasi inakunjuliwa, umeme unavuma, kisha sauti inasoma tarehe, na huwezi kuapa kama ni ya mwanamme au ya mwanamke. Mlangoni pameandikwa kuwa kazi hiyo imetokana na nyaraka za historia ya transjenda. Akitoka nje, barazani hukuta maswali matatu yamefungwa fundo moja: muziki wenyewe uko wapi, hao transjenda ndio nani, na nyaraka zao zimepatikana wapi?

Tuanze na maneno, maana hapo ndipo fundo lilipokaza.

Kiswahili kina jinsi na jinsia. Jinsi ni maumbile, lile jambo la mwanzo analolitazama mkunga mtoto akitoka. Jinsia ni kuishi kama mwanamke au kama mwanamme: jina, mavazi, kazi, na upande gani mtu hukaa harusini. Transjenda ni mtu ambaye jinsia anayojijua nayo si ile aliyoandikiwa alipozaliwa. Mitaani husemwa "waliobadili jinsia", na hapa tutalitumia kwa sababu limezoeleka, ingawa linapotosha kidogo. Ukilisikia unafikiria kisu cha daktari, ilhali wengi waliomo kwenye nyaraka hawakupasuliwa popote, na wengine waliishi kabla ya upasuaji huo kuwepo duniani.

Neno hilo huchanganywa na matatu mengine. Huntha ni aliyezaliwa na maumbile yasiyobainika wazi kuwa ya kike au ya kiume. Hilo ni suala la mwili, na fiqhi imelishughulikia zamani: kwa Mashafii, huntha mushkili katika mirathi hupewa fungu lenye yakini, na linalobaki huzuiwa mpaka hali yake ibainike. Hanithi ni mwanamme asiye na nguvu za kiume, neno la maradhi lililogeuzwa tusi. Shoga, kwa Unguja, ni mwanamke anavyomwita rafikiye wa kike, na bibi wa miaka 70 hulitamka bila ya kuona haya. Likielekezwa kwa mwanamme linakuwa jambo jengine, nalo linahusu anayempenda. Mtu kumpenda nani na mtu kujijua nani ni mambo mawili. Mwenye kuyafanya maneno haya yote kuwa moja hatofika mbali na nyaraka anazozisikiliza.

Sasa sanaa ya sauti. Ni kazi ambayo malighafi yake ni sauti yoyote: mlango, mvua ya masika juu ya bati, kikohozi, redio iliyokosa mawimbi. Wimbo una mwanzo na mwisho na watu huujua kwa melodi. Kazi ya sauti mara nyingi huwa mahali: unaingia, unakaa utakavyo, unatoka, nayo inaendelea. Namna inavyotengenezwa ni kama mkeka. Msukaji hupasua miyaa, hutia rangi, husuka ukili mrefu mwembamba, na mwisho hushona kili upande kwa upande. Msanii wa sauti naye hukata vipande, huvitia rangi kwa kuchuja au kupunguza kasi, huvisuka, akavishona. Pambo limo katika mshono.

Ati ni mambo ya Wazungu? Mwaka 1944, Halim El-Dabh, Mmisri, aliazima kinasa sauti cha waya jijini Cairo akarekodi ngoma ya zari, ile ya wanawake ya kutibu pepo. Akarudi studio ya redio, akaondoa sauti za chini na mapigo ya mwanzo ya kila noti, akabakisha mwangwi na vivuli vya juu vya sauti. Pierre Schaeffer wa redio ya Ufaransa, ambaye vitabu vingi humtaja kama muasisi, alitoa kazi zake za mwanzo za aina hii mwaka 1948. Na zari ni ndugu wa karibu wa ngoma za pepo za Unguja. Aliyewahi kukaa kwenye kibuki, mojawapo ya ngoma hizo, amekwishasikia somo zima la makala hii: kiti, yaani anayepandwa, ni mwanamke, buki (pepo) aliyempanda ni wa kiume, sauti inazama, na hapana mtu ukumbini anayechanganyikiwa kuhusu nani anazungumza. (Mfano huu ni wa sauti tu. Transjenda hajapandwa na kitu.)

Nyaraka ndizo zenye mambo mengi zaidi, na ndipo watu wanapodhani mengi yasiyokuwepo.

Anayesikia "nyaraka za transjenda" hufikiria kabati lililojaa kanda za watu wakisimulia maisha yao. Kanda kama hizo zipo, lakini ni za juzi. Jijini New York kuna mradi wa simulizi za mdomo za transjenda unaoshirikiana na Maktaba ya Umma ya jiji hilo. Chuo Kikuu cha Victoria, Kanada, kina mkusanyiko mkubwa wa nyaraka za aina hii, barua na majarida kwa wingi. Tangu 2016 kuna hifadhi ya mtandaoni, iliyoanzishwa Marekani, inayounganisha makusanyo ya taasisi mbalimbali. Barani Afrika, Johannesburg ilianza hifadhi yake mwaka 1997. Kabla ya hapo, karibu kila kitu ni karatasi, na karatasi hizo ziliandikwa na wengine: polisi aliyekamata, hakimu aliyehukumu, daktari aliyepima, mwandishi wa gazeti aliyecheka. Mwenyewe anatajwa lakini hasemi.

Kwetu hali ni hiyo hiyo. Mwaka 1899 ilichapishwa makala fupi ya Kijerumani juu ya watu wa Unguja wa namna hii. Humo yamehifadhiwa maneno ya Kiswahili yaliyotumika mjini: mke-si-mume, mzebe, hanisi. Maneno yapo, ila hakuna sentensi moja iliyotoka kinywani mwa mwenye kuitwa hivyo. Ukirudi nyuma zaidi, Kitab al-Aghani cha Abu al-Faraj al-Isfahani, cha karne ya 10, kina habari ndefu za mukhannathun wa Madina, wanaume wenye mwenendo wa kike waliokuwa waimbaji, na maarufu wao ni Tuways, mpiga dufu. Tunajua alipiga nini na watu walimpokea vipi. Dufu lenyewe hatulisikii. Wala haifai kumvisha Tuways neno transjenda: neno ni la karne ya 20, na watu wa zamani walijipanga kwa maneno yao. Msanii makini huliacha neno la nyaraka kama lilivyo.

Kisha kuna nyaraka zilizoteketea. Taasisi ya Magnus Hirschfeld ya Berlin, iliyofunguliwa 1919, ilikuwa na maktaba na majalada ya wagonjwa, wakiwemo transjenda waliopata matibabu ya mwanzo kabisa. Mei 6, 1933 ilivamiwa, na Mei 10 vitabu vyake vikachomwa hadharani. Sauti ya kitu kilichoungua utaitoa wapi? Hapo ndipo sauti inapoipita picha kwa manufaa. Mchoraji akiacha pahala patupu, jicho huruka. Mtu wa sauti akiacha kimya cha sekunde 20 kati ya maneno mawili, kila aliyemo chumbani anakisikia, anajigeuza kitini, anaanza kuisikia pumzi yake mwenyewe. Kazi nyingi nzuri za aina hii zimejengwa juu ya kimya cha kupimwa, si juu ya kilio.

Tuje kwenye sauti na jinsia. Koo hutetema mara kadhaa kwa sekunde, na kila mtetemo mmoja kwa sekunde ni hezi moja. Mwanamme mzima huzungumza takriban kati ya hezi 85 na 180, mwanamke kati ya 165 na 255. Angalia namba hizo vizuri: zinapandana. Sauti iliyoko baina ya hezi 145 na 175 msikilizaji huipangia jinsia kwa vitu vingine: urefu wa njia ya sauti kutoka kooni hadi midomoni (takriban sentimita 17 kwa mwanamme, 14 kwa mwanamke), namna maneno yanavyopanda na kushuka, hata kinachosemwa. Ndiyo maana programu ikipandisha sauti ya mwanamme kwa mkupuo inatoka kama katuni: koo na njia ya sauti vimenyanyuliwa pamoja, kana kwamba kichwa kizima kimesinyaa.

Simu ya kawaida inafundisha zaidi. Hupitisha hezi 300 hadi 3,400 tu. Mzee mwenye sauti ya hezi 120 msingi wa sauti yake haupiti kabisa, wala kivuli cha 240 (kila sauti hufuatwa na vivuli vya juu, ambavyo ni vizidisho vya msingi wake). Zinapita 360, 480, 600. Sikio linaona zimepishana kwa 120, linajijengea msingi uliokatwa, nawe unasema "shikamoo babu". Babu umemjenga mwenyewe.

Hapa pana kosa linaloharibu kazi nyingi, nalo ni kasi. Santuri za zamani za Unguja, kama zile za Siti binti Saad aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, huitwa za 78, yaani mizunguko 78 kwa dakika. Kwa kweli mashine za enzi zile hazikuwa na nidhamu hiyo, na santuri nyingi zilikatwa juu au chini kidogo. Tofauti ya asilimia 6 ni nusu noti nzima. Sauti ya hezi 200 iliyokatwa kwa 78 ukiizungusha kwa 65 inashuka hadi 167, imo katika eneo la mashaka. Mshipi wa mpira wa redio kaseti uliolegea hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo kabla ya kusema "sikilizeni sauti hii isiyo ya kike wala ya kiume", mtu athibitishe kwanza kuwa si mshipi uliolegea.

Kuthibitisha kuna njia rahisi. Kinasa kilichochomekwa ukutani aghalabu huacha mvumo wa umeme kwenye kanda. Zanzibar na Ulaya mvumo huo ni hezi 50, Marekani 60. Fungua rekodi kwenye programu inayoonesha masafa, tafuta mstari mwembamba wa chini. Ukiwa kwenye 47 badala ya 50, kanda inakwenda polepole kwa asilimia 6. Iongeze kasi mpaka mstari ukae pake. Kinasa cha betri hakina mvumo, na hapo utafute kitu chengine cha kupimia, kama toni ya redio au kinanda kilichopigwa nyuma.

Tukiwa hapa tuondoe na uongo mmoja wa mitaani: kwamba mwanamme akinywa homoni za kike sauti hupanda. Haipandi. Homoni za kiume hunenepesha nyuzi za koo na kuizamisha sauti ndani ya miezi, na aliyekwishabalehe nazo hawezi kurudishwa na homoni za kike. Mwanamke transjenda mwenye sauti nyororo ameifanyia mazoezi, pengine miaka. Kwa hiyo kanda za mtu mmoja za miaka tofauti husikika kama safari, na wasanii hupenda kuzipanga pamoja: salamu ileile, miaka tofauti, spika tofauti.

Kazi yenyewe inaanza na kaseti. Unguja na Pemba adui wa kaseti ni unyevu. Ikiwa na koga nyeupe ukingoni mwa utepe, usiitie kwenye mashine, maana koga itahamia kwenye hedi, kile kichwa cha mashine kinachosoma utepe, na kuambukiza kaseti zote zinazofuata. Iweke kwenye chombo kinachofungika pamoja na vifuko vya kukausha unyevu kwa siku kadhaa, kisha iswaki nje ya nyumba ukiwa umevaa barakoa. Angalia kipande kidogo cha sponji kinachosukuma utepe kwenye hedi: gundi yake huzeeka, kinadondoka, na sauti inakuwa kama ya mtu aliyejifunika blanketi. Dawa yake ni kufungua skrubu na kuhamishia utepe kwenye ganda la kaseti mpya. Hedi ifutwe kwa spiriti ya asilimia 90 kwenda juu, si mafuta ya taa.

Hamishia kwenye faili la WAV, lisilobana sauti, hezi 96,000 (hapa maana yake sauti hupimwa mara 96,000 kwa sekunde), biti 24. Saa moja ya stereo hula takriban gigabaiti 2. Wengi hulalamika kuwa ni kubwa, wakahifadhi MP3. MP3 hutupa kile inachodhani sikio halitokikosa, na kwa kusikiliza tu haina neno. Lakini msanii atakuja kuinyoosha sauti mara nne au nane, na yale matundu yaliyotupwa yanajitokeza kama sauti ya mtu anayezungumza ndani ya maji. Sauti zilizotumwa kwa WhatsApp zina ila hiyo tangu zilipozaliwa. Zitumie zilivyo, usizinyooshe.

Baada ya hapo ni uamuzi wa kisanii, na njia ni nyingi. Moja inafaa khasa kwa nyumba za Mji Mkongwe. Mwaka 1969 Mmarekani Alvin Lucier, aliyekuwa na kigugumizi, alirekodi maneno yake chumbani, akayacheza kwenye spika na kuyarekodi tena chumbani humo humo, akarudia mara nyingi mpaka maneno yakayeyuka ukabaki mlio wa chumba. Vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba, karibu mita 3, kwa sababu boriti za mikoko hazivuki zaidi. Katika joto la nyuzi 30, upana wa mita 3 hukuza hezi 58, 116 na 175. Ya pili ni ya sauti ya kiume, ya tatu iko ukingoni mwa eneo la mashaka. Msomaji wa hati ya mahakama ukimrudisha mara 15 katika chumba hicho, hukumu inapotea, jinsia ya msomaji inapotea, na nyumba inabaki ikiimba. Mazulia na mapazia yatolewe kwanza, la sivyo hakitosikika chochote ila matope.

Njia nyengine ni kuwapa watu kumi wasome neno moja la kwenye hati, tuseme mke-si-mume, kila mmoja mara moja kwa sauti yake, na kuwatawanya kwenye spika kumi. Tusi lililotamkwa na ajuza wa Makunduchi na tusi lililotamkwa na kijana wa Wete hazifanani, na huo ndio mchezo wenyewe. Lisilofaa, kwa maoni yetu, ni kumbuni marehemu: kuandika maneno ambayo hakuyasema na kuyapa sauti ya kulia. Nyaraka zimemsemea mara moja, na msanii atakuwa amemsemea mara ya pili.

Ridhaa ni sehemu inayofanywa vibaya kuliko zote. Watu hudhani kubadili sauti kwa programu kunamficha mzungumzaji. Hakumfichi. Sauti iliyoshushwa inaweza kupandishwa tena kwa dakika moja. Na hata isipopandishwa, kisiwa hiki ni kidogo: Mtumbatu hujulikana kwa neno la tatu, Mpemba wa Micheweni kwa la pili, na kicheko cha mtu hujulikana na shangazi yake hata ukikizungusha kinyumenyume. Sheria ya adhabu ya Zanzibar inatoa kifungo kwa vitendo vya mapenzi ya jinsi moja, na mitaani hakuna anayesimama kutofautisha anayempenda nani na anayejijua nani, kwa hiyo sauti ikitambulika madhara hayaishii kwenye aibu. Simulizi ya aliye hai iandikwe, majina na mitaa viondolewe, lugha isawazishwe, kisha isomwe na mtu mwengine. Rekodi ya asili isiingie kabisa kwenye kompyuta ya maonesho. Ridhaa iulizwe mara mbili: kabla ya kurekodi, na tena baada ya mwenyewe kuisikia kazi iliyokamilika, kwani anachokubali mtu kabla hajajisikia kwenye spika si kile atakachokubali baadaye.

Kufunga kazi chumbani kuna mambo yake. Maneno yasikike kwa takriban desibeli 60, kiasi cha mazungumzo ya kawaida; ukizidisha, ukuta wa mawe hurudisha kila kitu na maneno yanakanyagana. Kifaa cha kucheza kiwe kinachoanza chenyewe umeme ukirudi, maana utakatika. Plagi za shaba karibu na bahari hushika kutu haraka, zifutwe kila wiki. Adhana ipangiwe kimya katika programu, dakika tano kwa kila wakati, na nyakati zibadilishwe kila baada ya siku chache kwa kufuata kalenda ya msikiti wa karibu, si kwa kukisia. Na feni ya dari izimwe kazi inapocheza. Injini yake huvuma kwa vizidisho vya hezi 50, khasa 100, kutokana na umeme uleule wenye mvumo uliotumika kuipima kanda, na mgeni hatoweza kujua upi wa kaseti na upi wa feni. Joto likizidi, fungua madirisha na ucheze kazi baada ya isha, mji ukishatulia.